Sura Haifanani, Giza Halijakolea: Kutafuta Kosa Kwenye Bamba la Mezotinti

Umekaa na bamba miezi minne. Nakala ya kwanza ya majaribio imetoka mashineni ikiwa bado mbichi, umeibandika ukutani kando ya picha ya rangi unayoinakili, na kuna kitu hakijakaa sawa. Pengine uso umepauka, pengine giza la nyuma ni la kijivu, pengine ni yeye na tena si yeye. Mkono unakuwasha ushike kikwangulio urekebishe. Usikishike kwanza.

Mwongozo huu ni wa wanaojaribu kufanya mezotinti kwa namna ya wachongaji wa London enzi za Malkia Victoria: kuchukua picha ya mtu iliyochorwa kwa rangi za mafuta na kuigeuza kuwa chapa nyeusi, itolewe nakala mia au elfu. Utamfaa pia anayezitazama chapa hizo makumbusho na kujiuliza mbona nakala mbili za bamba moja zinatofautiana kama mama na binti.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, niseme kwa ufupi. Bamba la shaba nyekundu hupigwa meno uso mzima kwa kisu kipana chenye makali ya mviringo, ambacho fundi hukibembeza kushoto na kulia huku kikisogea mbele kidogo kidogo. Kila jino huacha kishimo na kuinua unyweleo wa shaba pembeni yake. Bamba lililobembezewa kisu vizuri, likitiwa wino na kuchapwa, hutoa weusi mtupu, laini kama mahameli. Hapo ndipo picha inapoanza: unakwangua. Ukikwangua kidogo panakuwa kijivu, ukizidisha panakuwa peupe. Fundi wa milango ya Zanzibar huondoa mbao ili ua libaki limeinuka. Mchongaji wa mezotinti huondoa giza ili uso ubaki. Chapa ya kwanza ya aina hii yenye tarehe ni ya 1642, kazi ya Mjerumani Ludwig von Siegen, nayo ilikuwa picha ya mtu. Waingereza waliipenda namna hii hadi Wafaransa wakaiita namna ya Kiingereza.

Sasa, wino unafutika, karatasi inabadilishwa, mashine inakazwa, mwanga wa dirisha unazibwa. Shaba iliyokwanguliwa ndiyo hairudi. Ni maji yaliyomwagika. Kwa hiyo kosa litafutwe kwa kuanzia na kile kinachorekebishika bila hasara: wino, karatasi, mashine, mwanga wa chumba. Bamba lishukiwe mwisho.

Nilijifunza mpangilio huo kwa sikio la mtoto. Nilikuwa nanakili chapa ya zamani ya mvulana mwenye nywele za mawimbi, na nakala ya kwanza ikatoka sikio limezama gizani, halionekani ncha wala ndewe. Nikakwangua. Nakala ya pili, bado. Nikakwangua tena, nikajiambia sura ya bwana mdogo huyu itapona sikio likionekana. Kesho yake mwenzangu karakanani akalichukua bamba lilelile, akalipasha moto, akalipaka wino na kulifuta taratibu, akachapa. Sikio likawaka kama taa ya karabai. Kumbe siku nzima nilikuwa nachapa bamba likiwa baridi; wino ulikuwa mzito, kufuta kwangu kulikuwa kunabakiza utando, na ule utando ndio niliokuwa napigana nao kwa chuma. Sikio lile sikulirudisha. Bamba ninalo hadi leo, nimeliegemeza dirishani.

Giza limetoka kijivu

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na mara nyingi bamba halina hatia. Chukua lenzi, angalia kijivu chenyewe kimefanyikaje.

Ukiona weusi wenye vitone vyeupe vingi kama pilipili manga iliyochanganywa na chumvi, karatasi ilikuwa kavu. Nyuzi zake hazikulainika vya kutosha kuingia vishimoni na kuutoa wino. Karatasi ya kuchapia mezotinti hulowekwa, hupangwa ikiwa na unyevu na kulazwa chini ya uzito usiku kucha, ili maji yasambae sawasawa. Ukiishika shavuni iwe baridi, lakini isiache tone. Ikiwa na maji mengi mno utapata kosa la pili: mabaka yaliyopauka mahali maji yalipoukataa wino, maana wino huu ni wa mafuta.

Ukiona kijivu kimesambaa kila mahali, hakina vitone, na sehemu nyeupe ni safi kupita kiasi, umefuta mno au wino wako ni mwepesi. Wino wa kazi hii ni masizi yaliyosagwa na mafuta ya kitani yaliyochemshwa hadi yakashika uzito. Wapiga chapa wa wakati ule walipenda weusi wa Frankfurt, uliotokana na mashapo ya mvinyo yaliyochomwa, kwa sababu ni laini na una joto la hudhurungi ndani yake. Mafuta yakizidi, wino unavutwa wote na kitambaa. Yakipungua, ndiyo yale ya sikio langu.

Ukiona giza zuri upande mmoja na kijivu upande wa pili, tazama mashine. Roli haikukazwa sawa, au blanketi linalowekwa kati ya roli na karatasi limekauka gundi iliyotoka kwenye karatasi na limekuwa gumu kama ubao. Lioshe. Wapo wanaokaza roli badala ya kuosha blanketi, na hao ndio huja kulalamika kwamba vinyweleo vya shaba vimelala kabla ya nakala ya ishirini.

Ukishabadilisha yote matatu na kijivu bado kipo palepale, hapo sasa ni bamba. Ama kisu hakikubembezwa vya kutosha, ama limechakaa. Endelea kusoma.

Giza lina michirizi au mistari ya vitone

Kisu cha kubembeza huwa na meno kati ya 45 na 120 hivi kwa inchi moja. Mpito mmoja juu ya bamba hauachi giza, unaacha mistari. Giza huja pale mistari inapokatizwa na mingine ya pembe tofauti, na mingine tena, mpaka jicho lishindwe kuona njia. Mimi sianzi kukwangua kabla ya pembe 40. Nikisoma mahali kwamba ishirini zinatosha, najua mwandishi alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Michirizi inayokwenda upande mmoja inamaanisha ulirudia pembe, au uliruka pembe fulani. Mstari wa vitone vyeupe vilivyopangika kwa umbali sawa unamaanisha jino limevunjika. Mabaka ya mviringo kama magamba ya samaki yanamaanisha mkono ulikuwa unachoka na kisu kinalala ubavuni mwishoni mwa kila mbembezo.

Dawa ni moja tu, na inafaa kabla ya kukwangua peke yake: chapa nakala ya giza tupu. Wengi huiruka kwa kuona ni upotevu wa karatasi. Chapa giza tupu, ibandike mahali penye mwanga, iangalie kwa mbali halafu kwa lenzi. Makosa yote ya kubembeza kisu yataonekana hapo, na yatarekebishika kwa kuendelea kubembeza. Ukiyakuta baada ya uso kutokea, utaishi nayo.

Koti, nywele na pazia vimeungana kuwa kitu kimoja

Hapa tumefika kwenye kiini cha kazi, na hapa kosa huwa limefanyika siku ya kwanza, kabla ya kikwangulio kugusa shaba. Mchoraji ana rangi. Anaweza kumvika mtu koti la kijani mbele ya pazia jekundu, na jicho likayatenganisha bila shida hata kama giza lao ni sawa. Ukizitoa rangi, koti na pazia vinakuwa ukuta mmoja wa kijivu, na kichwa kinaelea juu yake kama nazi majini.

Kwa hiyo mchongaji hanakili rangi. Anaamua. Nani kati ya hawa wawili atakuwa mweusi zaidi, na kwa kiasi gani, na ni wapi ukingo utaonekana kwa mng'ao mdogo uliokwanguliwa begani. Mtazame Samuel Cousins. Alizaliwa Exeter mwaka 1801, akafunzwa kazi na Samuel William Reynolds, na mwaka 1855 akawa mchongaji wa kwanza wa mabamba kupewa uanachama kamili wa Royal Academy, chuo ambacho hadi wakati huo kiliwahesabu watu wa kazi yake kuwa wanakili tu, si wasanii. Mojawapo ya kazi zilizompa jina ni mtoto wa familia ya Lambton aliyechorwa na Thomas Lawrence mwaka 1825: mvulana ameketi mwambani, kavaa mahameli mekundu. Picha nzima inasimama juu ya wekundu ule, hata watu wakazoea kumwita Mvulana Mwekundu. Kwenye chapa wekundu haupo. Cousins alichobaki nacho ni tofauti ya ngozi za vitu: mahameli hung'aa kwenye ukingo wa mkunjo na kuzama katikati, mwamba hung'aa kwa mabaka, ngozi ya mtoto haina ukingo kabisa. Alitenganisha vitu kwa namna vinavyopokea mwanga.

Kama nakala yako imeungana, usianze kukwangua mpaka. Fanya hivi. Chora picha ileile kwa wino wa maji mweusi, ndogo, ukubwa wa kiganja, ukitumia madaraja matano tu ya kijivu. Kama kwenye mchoro huo mdogo vitu havitengani, hata ukikwangua mwaka mzima havitatengana. Amua upya hapo kwenye karatasi.

Sababu nyingine ya ugonjwa huu ilizaliwa miaka ya 1850 na kuendelea, wachongaji walipoanza kutumia picha za kamera kama msaada. Kamera za kolodioni za wakati ule, yaani dawa iliyopakwa kwenye vioo vya kupigia picha, hazikuona rangi kama tunavyoziona. Buluu ilitoka karibu nyeupe, nyekundu na njano zikatoka karibu nyeusi. Mwanajeshi wa joho jekundu alitoka kama yuko msibani, na bibi mwenye utepe wa buluu kichwani akatoka hana utepe. Madoa madogo ya ngozi yakawa kama ndui. Mchongaji aliyeiamini kamera alihamisha uongo huo wote hadi kwenye shaba. Ukikuta kwenye chapa ya Kivictoria midomo ya mwanamke ni myeusi isivyo kawaida, fikiria kwanza jambo hili kabla hujamlaumu mkono wa fundi. Picha ya kamera itumike kwa mipaka ya vitu, basi. Giza na mwanga vichukuliwe kwenye picha yenyewe ya rangi, na macho yakiwa yamefinywa.

Ni yeye, lakini si yeye

Mama yake angemtambua, ila angeuliza anaumwa nini.

Anza na karatasi. Karatasi iliyoloweshwa hutanuka, na ikikauka hujikunja, na karatasi ya kiwandani hujikunja upande mmoja kuliko mwingine. Uso unaweza kupungua upana bila wewe kufanya lolote. Pima kwa kalipa, chombo cha kupimia chenye miguu miwili, umbali wa mboni hadi mboni kwenye bamba, halafu kwenye nakala kavu, halafu pima paji hadi kidevu. Kama upungufu hauko sawa pande zote mbili, geuza karatasi robo duara uchape tena. Watu wamekwangua pua kwa kosa hili.

Kisha tazama mwanga unaofanyia kazi. Shaba inang'aa, na mng'ao huo humfanya mchongaji aone uso usiokuwepo. Mafundi wa zamani waliweka fremu ya karatasi nyepesi iliyoinamishwa kati ya dirisha na bamba ili mwanga ufike umechujwa. Usiku walikaa nyuma ya tufe la kioo lililojaa maji, taa ikiwa upande wa pili. Bila kichujio utajidanganya kwamba shavu limeiva wakati bado, au limebaki wakati umelipita.

Baada ya hapo, mfano wenyewe. Njia ya kuhamisha sura ilikuwa kuipunguza kwa miraba, kuinakili juu ya karatasi ya jelatini inayopitisha mwanga, na kuibonyeza juu ya bamba. Katika hatua hizo tatu kila mstari unaweza kuhama kwa unene wa unywele. Kwenye koti haidhuru. Kwenye pembe ya mdomo inatosha kumgeuza waziri mkuu kuwa muuza samaki mwenye hasira. Pindua nakala na picha ya rangi kichwa chini, uzitazame sambamba. Ubongo ukiacha kumwona mtu, jicho huanza kuona maumbo: kivuli kilicho chini ya mdomo ni kirefu kuliko kinavyopaswa, kope la kulia limeshuka.

Na kama maumbo yote ni sawa na bado si yeye, tazama nuru ya jicho. Ile nukta nyeupe ndani ya mboni, ndogo kuliko kichwa cha pini. Mchoraji aliiweka kwa pigo moja la brashi, nene, rangi ikainuka. Mchongaji anaipata kwa kukwangua na kung'arisha nukta moja, na ikikaa kulia kidogo tu kuliko pale ilipokuwa, mtu anatazama mlango badala ya kukutazama wewe. Thomas Oldham Barlow, aliyechonga picha ya Gladstone, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uingereza, iliyochorwa na mchoraji Millais, alikuwa na kazi ya namna hiyo: mzee mwenye macho makali ambaye Uingereza nzima ilimjua kwa sura. Kwa mtu kama huyo hakuna pa kujificha. Nuru ya jicho mimi huiacha siku ya mwisho, na siiweki jioni.

Sababu ya mwisho ni ukingo. Mchongaji aliyetoka kwenye burini, kile chuma chenye ncha kali cha kuchongea shaba, aliyezoea kukata mistari, hawezi kujizuia kuuzungushia uso mpaka. Ngozi haina mpaka. Shavu la mbali huishia kwenye kivuli, na kivuli huishia kwenye giza la nyuma, na hakuna mahali unapoweza kuweka kidole ukasema hapa ndipo linapokwisha. Ukiona sura yako inafanana na kinyago, lainisha ukingo wa mbali kabla ya kugusa kitu kingine.

Upanga uko mkono usio wake

Chapa hugeuza kila kitu. Kama hukuinakili sura kinyume, nyota ya heshima iliyokuwa kifua cha kushoto itakuwa kulia, vifungo vya koti vitafungwa kama vya kike, na mwandishi atashika kalamu kwa kushoto. Hakuna dawa. Weka kioo mbele ya picha ya rangi tangu siku ya kwanza, na uchonge ukitazama kioo.

Uso umepauka kama uliopakwa unga

Umekwangua mno. Hakikisha kwanza, kwa kuchapa nakala yenye wino mzito kidogo. Ikiwa vivuli vyepesi vya shavu vinarudi, tatizo lilikuwa kufuta. Visiporudi, pima eneo.

Eneo dogo, kama ncha ya pua au kope, linarudishika kwa kigurudumu kidogo cha meno. Kitumie kwa mkono mwepesi na kwa pembe nyingi, maana kigurudumu kikipita mara moja kinaacha mstari wa vitone unaoonekana kama mshono wa jeraha.

Eneo kubwa, kama shavu zima, linahitaji kubembezewa kisu upya, na hapo kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Ulipokwangua uliondoa shaba, kwa hiyo pamekuwa bonde. Ukibembeza kisu ndani ya bonde meno ya kati hayafiki, na bonde lenyewe litashika wino wa ziada pembezoni. Lazima lipandishwe. Unashika kalipa yenye miguu iliyopinda, mguu mmoja juu ya shavu, mwingine mgongoni mwa bamba, na unatia alama mahali hasa ulipo upande wa nyuma. Unalaza bamba kifudifudi juu ya fuawe iliyosuguliwa kama kioo, na unagonga mgongoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, taratibu, ukisikiliza. Sauti hubadilika bonde likishajaa, hukauka. Kisha unasugua kwa kaa la mti lililoloweshwa mafuta hadi pawe tambarare, ndipo unabembeza kisu. Shavu moja ni kazi ya siku mbili tatu, na ukimaliza una giza pale palipokuwa na uso. Unaanza upya.

Mng'ao mweupe una ukungu

Kikwangulio huondoa vinyweleo lakini huacha mikwaruzo, na mikwaruzo inashika wino. Weupe wa kola ya shati, wa lulu, wa ncha ya pua, haumalizwi na kikwangulio bali na chuma laini cha kung'arishia na tone la mafuta. Ukipitisha kucha usisikie kitu. Kama bado kuna ukungu, mpiga chapa hakufuta kwa kiganja chenye unga wa chaki. Mwombe kwa adabu. Wapiga chapa ni watu wa hasira.

Nakala za mwisho hazifanani na za kwanza

Vinyweleo vya shaba ni laini, na roli hupita juu yao kila nakala. Bamba la mezotinti la shaba tupu hutoa nakala nzuri mia moja hivi, pengine mia mbili, halafu linalala. Giza ndilo linaloanza kuondoka, kwa sababu ndiko vinyweleo viko vingi na virefu. Mahameli ya koti hugeuka pamba, kisha uso unabaki unaelea bila uzito nyuma yake. Ukilipigisha kisu upya kurudisha giza utapata nakala nyingine, ila zitakuwa na ukavu fulani, na mkusanyaji mwenye jicho ataujua.

Dawa ya wakati ule ilikuwa bamba la feleji. Thomas Lupton alipewa medali na Society of Arts mwaka 1822 kwa kuchonga mezotinti juu ya feleji laini, na kuanzia hapo bamba moja likaweza kutoa nakala elfu na zaidi. Dawa hiyo ilikuja na ugonjwa wake: chuma hicho, hata kikiwa laini, ni kigumu kuliko shaba na hakipokei meno kwa kina kama yake, weusi wake ni wa baridi, na nyuso zilizochongwa juu yake huelekea kuwa za kijivu cha mawingu. Ndiyo maana wachongaji wa Kivictoria walichanganya namna zote kwenye bamba moja. Mipaka ya nguo na nywele walianza kuila kwa asidi, ngozi wakaijaza nukta nukta, weusi wa nguo wakaukazia kwa burini, na mezotinti ikawa ya kuunganisha. Ukiwa na chapa ya mwaka 1850 na hujui imefanywa kwa namna gani, jibu karibu kila mara ni kwa namna zote.

Mwishoni mwa miaka ya 1850 ikaja njia ya kuchonga juu ya shaba na kisha kuipaka utando mwembamba wa chuma kwa umeme. Utando ukichakaa, unaondolewa na kupakwa mwingine. Kama unafanya kazi leo na unataka nakala nyingi, fanya hivyo na usijitese na chuma.

Tahadhari kwa mnunuzi: kwa sababu kila mtu alijua nakala za kwanza ni bora, ziliuzwa ghali, na wachapishaji wakazidisha aina za "nakala za kwanza" hadi neno likakaribia kupoteza maana. Kulikuwa na za msanii, za kabla ya maandishi, za maandishi mepesi, kisha za kawaida. Mwaka 1847 wafanyabiashara wa London walianzisha Printsellers' Association, ambayo iliandikisha idadi ya nakala na kuzigonga mhuri. Mhuri ukiwepo pembeni, una pa kuanzia. Usipokuwepo, tazama giza.

Bamba la chuma limeota madoa

Kutu. Lisafishwe mara baada ya kuchapa, lipakwe nta lingali na joto, lihifadhiwe pakavu. Kitone cha kutu ndani ya shavu kitachapa kama chunusi kwenye kila nakala hadi Kiyama.

Mchoraji amerudisha nakala imejaa chaki

Hili si kosa. Ilikuwa kawaida nakala za majaribio zipelekwe kwa mchoraji, naye azirudishe zimewekwa chaki nyeupe pale anapotaka mwanga na nyeusi pale anapotaka kivuli. Tatizo lililopo ni kwamba mchoraji huweka alama kama mtu mwenye brashi, anayeweza kuongeza na kupunguza. Alama nyeupe zitekelezwe kwanza, kwa sababu ni za kukwangua, lakini nusu ya kiasi alichoomba, utamchapia nyingine. Alama nyeusi ukizikuta nyingi juu ya uso, rudi kwenye sehemu ya wino kabla hujashika kigurudumu, kwa sababu huenda ulimpelekea nakala iliyofutwa mno na analalamikia mpiga chapa. Na kama alama zote zimekaa shavu moja, muulize aliitazama nakala saa ngapi na dirisha lilikuwa upande gani.

Maandishi ya chini

Chini kushoto ni jina la mchoraji na neno la Kilatini *pinxit*, alichora. Kulia ni lako na *sculpsit*, alichonga. Katikati huja jina la mwenye sura na vyeo vyake. Chini kabisa ni mchapishaji na tarehe, na hilo halikuwa pambo: sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 iliwalinda waliochonga chapa kwa sharti kwamba jina la mwenye haki na siku ya kutolewa vichongwe kwenye bamba. Tarehe ilipokosewa, ulinzi ulitiliwa shaka. Maandishi yote haya huchongwa kinyume, mara nyingi na fundi wa herufi na si wewe, mwishoni, wakati kila mtu amechoka. Chapa nakala moja kwa ajili ya herufi tu, umpe mtu ambaye hajawahi kuliona bamba, asome vyeo vya bwana mkubwa kwa sauti huku wewe ukifuata kwenye barua ya familia.